Madirisha ya kuzuia kimbunga yapo tayari. Mbona nyumba nyingi Florida hazina?

Kimbunga Andrew kilipotua kusini mwa Florida, Marekani, tarehe 24 Agosti 1992, kiliangamiza zaidi ya nyumba 25,000. Moja ya mafunzo makubwa yaliyobaki: nyumba nyingi zilianza kushindwa pale dirisha lilipovunjika.

Dirisha likivunjika, upepo unaingia na kusukuma paa juu, huku upepo wa nje ukilivuta. Paa likishang'oka, kuta nazo zinalegea.

Kinapasuka, ila hakiachii

Jibu lilikuwa kioo cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, kama cha mbele ya gari. Kikigongwa kinapasuka, lakini vipande vinaganda kwenye plastiki na upepo haupati pa kupita. Fremu pia lazima ifungwe barabara ukutani, la sivyo dirisha linang'oka zimazima.

Kipimo cha Miami-Dade hakina huruma. Mbao ya 2 kwa 4, yenye uzito wa kilo 4 hivi, inafyatuliwa kwenye dirisha kwa kasi ya karibu kilomita 55 kwa saa. Kisha dirisha hilohilo linasukumwa na kuvutwa kwa presha ya hewa mara 9,000. Likifunguka, limefeli.

Sheria ilipolegezwa

Kanuni za ujenzi za jimbo zima zilianza kutumika 2002. Lakini Panhandle, eneo la kaskazini-magharibi, lilipewa nafuu: madirisha yalitakiwa kulindwa kwenye nyumba zilizo ndani ya maili 1 tu kutoka baharini.

Nafuu hiyo ilifutwa 2007, ila nyumba zilizokwishajengwa zilibaki zilivyo. Oktoba 2018 Kimbunga Michael, cha daraja la 5, kikatua hukohuko, karibu na mji wa Mexico Beach.

Nani alipe?

Kanuni hubana zaidi nyumba mpya. Mwenye nyumba ya zamani hujitegemea, na kubadilisha madirisha yote si pesa ndogo.

Jimbo lilijaribu kusaidia. Mpango wa My Safe Florida Home uliporudishwa 2022, ulitoa dola 2 kwa kila dola 1 ya mwenye nyumba, mwisho dola 10,000. Tatizo ni kwamba unategemea bajeti ya bunge la jimbo: fungu likiisha, foleni inasimama. Mpangaji hana nafasi humo, hata kama dirisha likivunjika ni yeye aliye ndani.

Asiye na uwezo anabaki na shata za chuma au plaiwudi, ambazo nazo zinasaidia zikifungwa vizuri na mapema. Kubandika selotepu ya msalaba kwenye kioo? Haisaidii kitu.

Kwa hiyo swali la Florida si la maabara tena. Kioo kipo na kipimo kipo. Kilichobaki ni kama sheria itabana hata panapouma mfukoni, na kama wa kipato cha chini watafikiwa kabla ya kimbunga kijacho.