Kichochoro Si Barabara

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha, tulifundishwa mifumo ya taarifa za kijiografia muhula mzima. Ubaoni. Leseni ya programu kwenye kompyuta ilikuwa imekwisha, basi mwalimu akawa achora vitufe kwa kalamu na kutwambia, "Hapa ndipo mtabofya." Nilipata A. Lakini ungenambia nikuchoree kichochoro kimoja cha Kibokoni, nisingejua nianzie wapi.

Kisha usiku mmoja nyanya yangu akazidiwa na kifua. Yeye anakaa Kibokoni, mimi Ganjoni. Ambulensi ilitoka mapema, ikachelewa kufika. Simu ya dereva ilimwonyesha barabara, na hiyo "barabara" ni kichochoro ambacho watu wawili wakipishana, mmoja lazima ageuke ubavu. Akarudi nyuma, akajaribu kwengine, akakutana na ngazi. Mwisho tulimbeba nyanya kwa kiti cha plastiki, mimi na majirani watatu, mpaka penye gari. Yu hai, alhamdulillah, na hadi leo anitania kwa kile kiti. Sasa, kila mzee pale barazani ajua kichochoro gani chapitisha machela. Ramani ndiyo haijui.

Halafu mtu aniambia, "Ramani si ipo Google, ya nini kujisumbua?" Ipo, lakini imechorwa na nani? Kibera, hapo Nairobi, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi 2009, vijana wa humo humo walipotembea na GPS mkononi wakaweka zahanati, shule na sehemu za maji kwenye OpenStreetMap. Dar es Salaam, 2015, mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatuma wanafunzi na wakazi kuchora mitaro kwenye mitaa inayofurika. Hawakungoja mgeni aje awaonyeshe kwao.

Wanaonikera zaidi ni wauza kozi. Siku tano za kubofya, cheti chenye mhuri wa dhahabu, pesa ya kodi ya mwezi. Msingi wenyewe ni huu: kitu chochote ardhini utakichora kama nukta, mstari au eneo. Bomba la maji nukta, kichochoro mstari, msikiti eneo. Nyuma ya kila kimoja pana jedwali, na utamu wote upo hapo. Kipe kichochoro upana wake, kiandikie kama kina ngazi, kama kina taa. Sasa waweza kuiuliza kompyuta: nionyeshe njia zote zenye upana wa mita moja na nusu kwenda juu, zisizo na ngazi. Hiyo ndo GIS. Kilichobaki kingi ni rangi.

Latitudo na longitudo nazo zina vituko. Ganjoni ipo karibu na -4.07, 39.67. Zigeuze namba hizo na mtaa mzima wahamia Hispania, kusini kidogo ya Toledo. Sahau ile alama ya kutoa, tuko Ethiopia. Nimefanya yote mawili. Na ukichukua ramani za zamani za serikali zilizopimwa kwa mfumo wa Arc 1960, ukazilaza juu ya vipimo vya simu, ambavyo ni WGS 84, bila kubadilisha, nyumba zasogea mita mia kadhaa. Kwa sisi wa kisiwani, hapo ndipo watu huanza kuogelea.

Haya nilijifunza kwa QGIS, ambayo ni bure, kwenye kompyuta ya mtumba na bando la usiku. Wiki mbili. Sisemi kila mtu awe sorveya. Mipaka ya ploti na hati waachieni wenye leseni. Lakini kuhesabu ngazi kwahitaji digrii gani? Twashinda tukipiga picha milango ya nakshi ya Mji wa Kale kutafuta laiki, nami nimo, msinitazame hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyepima kichochoro kilicho mbele ya mlango.

Jumamosi baada ya laasiri nitakuwa Kibokoni na simu na daftari. Nimemaliza vichochoro kumi na moja. Ukija, leta tepu ya kupimia. Yangu imekatika penye mita mbili.