Ngome ya Iringa na Waliopika Kando Yake

Kila zinapotajwa habari za vita vya zamani katika nchi ya Uhehe, msomaji hupewa majina ya wanaume wachache: Mkwawa mwana wa Munyigumba, Zelewski aliyeuawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, von Schele aliyeivunja ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, na Tom von Prince aliyeanzisha boma jipya mwaka 1896, mahali ulipo mji wa Iringa wa leo. Habari hizo ni za kweli, wala hapana haja ya kuzifuta. Kosa ni kudhani kuwa zimekwisha hapo, kana kwamba boma ni kuta na bunduki tu, na watu waliokaa humo walikuwa wakila upepo.

Yafaa lisemwe wazi jambo ambalo wasifu wa majemadari hulipita mbio. Askari wa Kidachi, alipokuwa bomani, kwa desturi hakupikiwa na jeshi. Alilipwa mshahara, akajitafutia chakula, nacho kikapikwa na mkewe au boi wake katika kijiji cha askari kilichojengwa kando ya boma. Basi kabla tarumbeta haijalia, mtu mwingine alikuwa amekwisha kuamka. Ruaha Mdogo uko bondeni, na maji hayapandi kilima yenyewe. Aliyeteremka na mtungi ndiye aliyepanda nao. Mahindi hayakujitwanga, wala ulezi haukujisaga. Huko Masoko katika nchi ya Rungwe, ilikokaa kombania ya 5, mambo yalikuwa yale yale, ila mvua ilizidi na kuni zilikuwa mbichi. Mwanahistoria asifuye nidhamu ya kombania hizo bila kutaja kinu na jiwe la kusagia, anasifu mti usio na mizizi.

Na watu hao walikuwa nani? Wissmann aliwaandika Wasudani huko Cairo mwaka 1889, akachukua na Washangaa kutoka Msumbiji. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa pwani. Hata vyeo vyao, ombasha na shaush, ni maneno ya Kituruki yaliyopitia jeshi la Misri. Wasudani kadhaa walikuja na wake zao na watoto wao. Katika vijiji vyao, wageni hao wa lugha nyingi walisikilizana kwa Kiswahili, na watoto wakakua nacho.

Lakini si wake wote waliokuja kwa hiari yao. Kalenga ilipoanguka, wanawake na watoto wengi walitekwa, na katika vita vya siku zile mateka wa kike waligawiwa askari kama vile ng'ombe walivyogawiwa. Wengine wao ndio walioitwa baadaye wake wa askari. Mwandishi asemaye kwamba askari fulani "alioa" katika nchi aliyoiteka, asiulize kama bibi arusi aliulizwa, ameandika kwa wino wa mshindi. Mwanamke wa boma la Iringa ambaye maisha yake yanasomeka kitabuni ni Magdalene von Prince, mke wa mkubwa wa boma, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1903. Kitabu chake kina faida kubwa. Hata hivyo, mwenye kutumikiwa huona chakula kinapofika mezani. Njia kilikopita haioni sana.

Njia yenyewe ilianzia shambani kwa mtu. Vita vya kumwinda Mkwawa, vilivyokwisha kwa kifo chake mwezi wa Julai 1898, viliendeshwa kwa kuchoma vijiji na kutwaa nafaka na mifugo. Mwaka 1905 askari wa Iringa walitoka na Nigmann kwenda Mahenge kupigana na watu wa Majimaji, na njaa iliyoifuata vita ile iliua watu wengi kuliko risasi. Hivyo sufuria iliyochemka katika kijiji cha askari ilikuwa njaa katika kijiji kingine. Mke wa askari aliila ile nafaka. Pengine alikuwa na watumishi wake mwenyewe, akawatolea ukali ule ule aliotolewa yeye. Hapana haja ya kumfanya malaika.

Hapa ndipo wanapoinuka wale wasemao kwamba hao wote walikuwa vibaraka wa mkoloni, na kibaraka hastahili ukumbusho. Hoja hii ina sauti kubwa, ila haina miguu. Kuandika habari za mtu si kumvisha taji. Mateka wa Kalenga alimsaliti nani? Na mtoto aliyezaliwa kando ya boma, asijue nchi nyingine, afukuzwe katika historia kwa kosa gani? Hoja hiyo, kwa kutaka kumhukumu askari, inamfunika mwanamke pamoja naye, na kwa njia hiyo inamalizia kazi iliyoanzwa na Wadachi.

Vita Kuu ilipofika huku mwaka 1916, Iringa ilitwaliwa na Waingereza, na familia nyingine ziliondoka pamoja na kombania zao. Mwaka 1918 mabaki ya jeshi la von Lettow-Vorbeck yalirudi kupitia Njombe yakaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba yakaweka silaha chini huko Abercorn. Walihesabiwa askari zaidi ya 1,100, na wanawake zaidi ya 800. Namba hiyo ya pili haifundishwi shuleni. Wanawake hao walitembea njia ile ile, wakiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni, na wengine walijifungua safarini.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa hai malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na hati yoyote, basi kila mmoja akapewa fimbo ya ufagio aishike kama bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani, na aliyeifuata amri akalipwa. Wazee walizikumbuka amri zile. Bibi aliyekuwa amebeba chungu hata Abercorn hakuwa na amri ya kukumbuka, na fimbo aliyoizoea mikono yake ilikuwa mchi.