Bosi Anayesoma Vitufe Vyako Ni Mwizi

Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo linalonikera kwenye gemu za mapigano: adui aliyetengenezwa kukuudhi, kisha tunaambiwa huo ndio ugumu. Ukilalamika, jibu ni lile lile: jifunze kucheza. Mimi sikubali. Kazi yangu ni kuandika programu, na najua kwamba kumfanya adui asishindike ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Hebu fikirieni. Kompyuta inajua ulipo, uhai uliobaki nao na kitufe ulichobonyeza, hata kabla picha haijafika kwenye skrini. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde hupiga hesabu upya kila baada ya milisekunde 16 na kitu. Binadamu anahitaji kama milisekunde 200 hadi 250 kuona jambo na kubonyeza, yaani fremu 12 hadi 15. Kwa hiyo nikiandika mistari mitatu tu, "mchezaji akipiga, kwepa", nimepata bosi asiyeguswa. Hiyo si akili, ni uonevu. Ufundi ni kutengeneza adui anayeweza kushindwa kwa haki.

Makosa makubwa ni matatu.

1. Kusoma vitufe. Elden Ring (2022) ni gemu nzuri sana, sibishi. Lakini jaribu kunywa dawa mbele ya Godskin Apostle. Chupa haijafika mdomoni, tayari moto unakujia. Wapo wanaosema anaadhibu uzembe. Sawa, aadhibu, lakini kwanza aone! Mpe naye zile milisekunde 250 ninazohitaji mimi. Hayo ni mabadiliko madogo kwenye programu, na pambano lingebaki gumu.

2. Kupigwa na usiyemwona. Ninja Gaiden II (2008) ilijaa maadui wanaokurushia vilipuzi wakiwa nje ya skrini, huku kamera ikitazama ukuta. Utakwepaje usichokiona? Dawa ipo: God of War ya 2018 iliweka mishale midogo kumzunguka Kratos ili ujue hatari inatoka upande gani. Maadui hawakuwa wanyonge kwa sababu hiyo.

3. Kufuta yote uliyojifunza. Deus Ex: Human Revolution (2011) inakufundisha kwa masaa mengi kunyata na kudukua mitambo. Halafu inakufungia chumbani na bosi ambaye lazima umuue. Mapambano hayo yalikuwa yamepewa kampuni nyingine kutengeneza, na ilionekana wazi. Toleo la Director's Cut la 2013 lilibidi liongeze njia nyingine za kuwashinda.

Msinielewe vibaya, siombi gemu rahisi. Sekiro (2019) ni ngumu ajabu. Lakini shambulio lisilozuilika kwa kawaida hutangulizwa na alama nyekundu na mlio, kisha ni juu yako kuruka, kukwepa au kukanyaga mkuki. Ukifa, unajua kwa nini umekufa, na mara ya pili unafika mbali zaidi. Ugumu wa kweli ni mwalimu. Ugumu wa uongo ni mtoza ushuru.

Na watengenezaji wenyewe wanajua tofauti hiyo. Shadow of the Erdtree ilitoka Juni 2024, na bosi wake wa mwisho alizua kelele, hasa kwa miale inayofunika skrini yote. Septemba mwaka huo huo, sasisho la 1.14 lilipunguza makali ya baadhi ya mashambulizi yake na kufanya baadhi ya miale ionekane vizuri zaidi. Kama tatizo lilikuwa wachezaji wasiojua kucheza, walirekebisha nini?

Kwa anayelipia PlayStation kwa nusu saa kibandani, haya si maneno ya kupitisha muda. Kila kifo cha uonevu ni shilingi iliyotoka mfukoni bila kumfundisha kitu. Hata aliyenunua gemu yake mwenyewe analipa kwa usingizi wake.

Kwa hiyo, wabunifu, kabla ya kumwongezea bosi nguvu, jiulizeni swali moja: mchezaji akishindwa hapa, ataweza kueleza kwa nini? Kama hawezi, hamjatengeneza bosi. Mmetengeneza hitilafu na kuipa upanga.