Tairi la Pikapu Lichaguliwe kwa Njia na Mzigo

Kila mwaka mvua ndefu inapokaribia, wakulima wanaofika ofisini kuuliza habari za mbegu na mbolea huuliza na jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vya Bwana Shamba. Pikapu imekwisha matairi. Je, yanunuliwe yapi? Na mara nyingi muulizaji amekwisha kata shauri kabla hajauliza. Ameona pikapu ya jirani yenye matairi mapana, meno yametokeza kama meno ya jembe la uma, naye ataka yale yale.

Mimi naona wengi wetu twanunua matairi kwa macho. Tairi lafaa kununuliwa kwa njia tunayopita na kwa mzigo tunaobeba, na katika hayo mawili mzigo ndio unaosahauliwa.

Tuanze na njia. Chukueni mfano wa hapa Mugutha. Mkulima atokaye shambani hupita njia ya udongo, kisha changarawe, kisha hupanda barabara kuu ya Thika kwenda Ruiru au Thika, na wengine hufika Nairobi. Tuseme kutoka langoni mwake mpaka lami ni kilometa 2, na kutoka hapo mpaka sokoni ni kilometa 15. Kwenda na kurudi ni kilometa 34, na katika hizo zisizo za lami ni 4 tu. Hesabu hii ni ya watoto wa shule, lakini sijaona mtu akiifanya dukani mwa matairi. Katika kila kilometa 100 za gari lake, 88 ni za lami. Naye ananunua tairi la matope!

Tairi la matope, lile lenye herufi M na T ubavuni, lina meno marefu yaliyoachana. Kwenye tope hufanya kazi yake vyema. Kwenye lami meno hayo hupinda na kusugua, huisha upesi, hulia njia nzima, hula dizeli, na mvua inaponyesha gari huchelewa kusimama kwa sababu mpira unaogusa lami ni mchache. Tairi la barabara kuu, lenye herufi H na T, ni kinyume chake: kwenye lami ni tulivu, lakini udongo mwekundu ukilowa mifereji yake hujaa mara moja na gari huteleza kama sabuni. Katikati yao ndipo lilipo tairi la A na T, yaani la ardhi za kila namna. Hilo ndilo ningelichagua kwa pikapu nyingi za hapa kwetu. Lakini msiziamini herufi peke yake, maana kila mtengenezaji huziandika apendavyo. Litazameni tairi lenyewe. Meno ya katikati yawe yamekaribiana ili yakae vizuri juu ya lami, na yale ya pembeni yawe na nafasi ya kutupa udongo nje.

Mengine mtayaona yana picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo yaonyesha kwamba tairi lilijaribiwa kwa theluji. Mwenye duka aweza kuitaja kama sifa ya kuongeza bei. Mugutha hatujapata theluji bado.

Najua msomaji wa Mwea, au wa pande za Juja penye udongo mweusi, atasema kwamba mimi nazungumzia udongo mwekundu tu. Ni kweli, udongo haufanani. Mwekundu huteleza juu, lakini chini yake ni mgumu kidogo, na jino la tairi likichimba hupata pa kushika. Mweusi ukilowa hunata, hujaa katikati ya meno, na baada ya hatua kumi tairi huwa duara la udongo lisilo na jino hata moja. Tairi la matope hukawia kujaa kuliko mengine, nalo hujisafisha kidogo likizungushwa kwa kasi, lakini udongo ule ukishakunywa mvua ya siku mbili hulishinda hilo pia. Aishiye katikati ya udongo mweusi, na ambaye mwendo wake mwingi ni wa mashambani, huyo ana haki ya kununua M na T. Mwenye nusu kilometa ya udongo mweusi na kilometa 20 za lami hana.

Sasa mzigo. Hapa nawaomba mtulie kidogo, kwa kuwa watu hufa kwa jambo hili.

Ubavuni mwa tairi pana maandishi kama haya: 205R16C 110/108. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, 16 ni inchi za rimu, na C yaonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa gari la mizigo. Mengine huandikwa LT badala ya C. Zile namba za mwisho ndizo za uzito. Namba 110 maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 1,060. Namba ya pili ni kwa magurudumu yafungwayo mawili mawili upande mmoja kama ya lori, nayo haituhusu. Namba 104 ni kilo 900. Namba 95 ni kilo 690, na hilo ni tairi la motokaa ya kubeba watu.

Basi pikapu ya tani moja ikijazwa, uzito wa nyuma, yaani wa mzigo pamoja na wa gari lenyewe, waweza kupita kilo 1,500. Mkulima akiuziwa matairi mawili ya namba 95 kwa kuwa yalikuwa nafuu na yaliingia katika rimu, yote mawili hubeba kilo 1,380. Amekwisha pungukiwa kabla hajatoka langoni. Na sisi hatupakii tani moja. Ndugu zetu wa Kinangop wapakiapo magunia 25 ya viazi, kila moja likiwa la kilo 50 kama sheria itakavyo, hizo ni kilo 1,250. Yakiwa ya lumbesi, kila mtu ajaze hesabu mwenyewe. Na juu ya magunia huketi vijana wawili watatu wa kupakua.

Tairi lililozidiwa, au lisilo na upepo wa kutosha, hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko kwaleta moto ndani ya mpira, na moto ukizidi, mpira huachana na nyuzi za chuma zilizo ndani yake. Jambo hilo haliji matopeni, ambako gari hutambaa. Huja saa saba mchana, jua kali, gari likikimbia kilometa 80 kwa saa juu ya lami nzuri. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, na mwendo wa magari umekuwa wa kasi. Tope hutukwamisha, lakini lami ndiyo inayoua. Kwa hiyo nasema, mkulima aingiapo dukani aulize kwanza namba ya uzito, aifananishe na ile iliyoandikwa na watengenezaji wa gari katika kitabu chake au katika karatasi iliyobandikwa penye nguzo ya mlango wa dereva, na meno ayatazame baadaye.

Pamoja na namba hiyo atafute tarehe. Mwisho wa mstari uanzao na herufi DOT pana tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa bure, na ukianikwa juani mbele ya duka huzeeka upesi zaidi. Watengenezaji wengi wanasema tairi lisitumike likipita miaka kumi, hata kama meno yamebaki. Kwa pikapu ya mizigo katika jua letu mimi singengoja muda huo wote. Na matairi ya mitumba yatokayo ng'ambo yapo kila mahali, meno yao mazuri, yamepakwa rangi nyeusi yang'ae. Yageuzeni, mtazame upande wa ndani wa ubavu. Nyufa ndogo ndogo kama za udongo wakati wa kiangazi zinawaambia umri hata kama tarakimu zimefutika. Wazee wanaotafuta Yana wakikumbuka yale yaliyotengenezwa Nairobi wajue kwamba kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2016. Tairi lililotoka humo, hata likiwa halijawahi kukanyaga barabara, limekwisha zeeka.

Twajua pia kwamba fedha hazitoshi. Matairi manne mapya ni fedha nyingi, na malipo ya kahawa au ya maziwa yana wenyewe wanaoyangoja: karo, dawa ya mifugo, deni la ushirika. Ndiyo maana wengi hununua manne ya mitumba kwa bei ya mawili mapya. Shauri langu ni kununua mawili mapya, na kuyaweka nyuma. Nyuma ndiko mzigo uliko, na tairi la nyuma likipasuka au likiteleza gari hugeuka likatazama lilikotoka, na dereva hana usukani wa kulirudisha. Mawili yaliyo bora kati ya makuukuu yakae mbele, mradi yasiwe yamefikia vile vijiti vya mpira vilivyo ndani ya mifereji. Vijiti hivyo vina urefu wa milimita 1.6, na meno yakishakuwa sawa navyo tairi limekwisha. Msichanganye namna mbili katika ekseli moja. Wenye gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne shauri hili la mawili mawili haliwafai sana, kwa sababu gari hilo lahitaji matairi manne ya kipimo kimoja na yaliyolika karibu sawa, la sivyo meno ya giaboksi hupigana.

Kadhalika msibadili kipimo kwa ajili ya urembo. Mtu atoaye 205R16 akatia 245/75R16 ameinua gari, naam, lakini saa ya mwendo ikimwonyesha 80 yeye anakwenda karibu 84, gari limekuwa zito kuondoka mlimani likiwa na mzigo, na breki zina kazi zaidi. Ubavu wa tairi waweza hata kusugua chuma usukani ukikatwa.

Habari ya upepo nitaisema kwa ufupi. Upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo na si kwa kupiga teke, na mzigo ukiwa mzito uongezwe kama ilivyoandikwa kwenye ile karatasi ya mlangoni. Tairi lililolika pembeni lilikosa upepo. Lililolika katikati lilizidishiwa. Wako wapunguzao upepo ili kuvuka tope, na hilo lasaidia kweli, lakini wakifika lami husahau kuurudisha.

Nina neno moja zaidi, nalo halipendezi wenye maduka. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi sharti ifike kiwandani siku ile ile, maana ikilala huanza kuchacha. Maziwa hayangoji hata nusu siku. Kwa hiyo hofu ya kukwama ni hofu ya haki, nayo ndiyo inayotufanya tununue meno makubwa. Lakini nendeni mkatazame mahali mnapokwama. Kwa kawaida si njia nzima. Ni hatua mia moja au mia mbili, bondeni, mahali ambapo maji ya mashamba matano yanakutana na hayana mfereji wa kutokea. Pikapu sita hupita hapo. Wenyewe sita wakinunua kila mmoja matairi manne ya matope, hayo ni matairi 24 yaliyonunuliwa kwa ajili ya hatua mia mbili. Kwa fedha hizo wangechimba mfereji kwa mikono yao na kununua malori kadhaa ya changarawe, na bado wangebaki na za kununulia matairi ya kawaida. Nimesikia wakisema kwamba barabara ni kazi ya serikali. Haki ni yao kusema hivyo, na waandike barua, nasi tutaipeleka inapohusika. Lakini mvua haitangoja jibu la barua.

Yamebaki yale matairi yaliyotolewa. Wako wayanunuao na kuyachonga mifereji upya kwa kisu cha moto, kisha huyauza kwa mtu asiyejua, na kisu kile huenda kimefika kwenye nyuzi. Mafundi wa akala huyataka pia, ingawa hupenda ya nyuzi za nailoni kuliko ya chuma, ambayo huharibu visu vyao. Yauzeni kwa hao wa akala, na kabla hayajatoka uani kateni ubavu wa kila moja kwa msumeno.