Dawa ya Deni ni Kulipa: Funzo la Mgogoro wa Ujira Sawa Katika Utumishi wa Umma wa Kanada

Tarehe 29 Oktoba, 1999, Serikali ya Kanada na Muungano wa Watumishi wa Umma wa nchi hiyo, unaojulikana kwa kifupi kama PSAC, walitangaza makubaliano yaliyohitimisha mgogoro uliodumu kwa takriban miaka 15. Kwa makubaliano hayo, Serikali ilikubali kulipa takriban dola za Kanada bilioni 3.6, pamoja na riba ndani yake, kwa watumishi wapatao 230,000 waliokuwa kazini na waliokwisha kuondoka, wengi wao wakiwa wanawake. Walikuwa makarani, makatibu muhtasi, waingizaji wa takwimu, wahudumu wa hospitali, wakutubi na wasaidizi katika sekta ya elimu.

Kiasi hicho cha fedha ndicho kilichovuta macho ya wengi wakati ule. Hata hivyo, kwa nchi yoyote inayosimamia mishahara ya watumishi wa umma na kujadiliana na vyama vya wafanyakazi, suala lenye uzito zaidi ni namna deni hilo lilivyokua. Katika miaka yote hiyo, kanuni ya ujira sawa ilikuwa tayari ni sheria ya nchi, na Serikali yenyewe ndiyo iliyoipeleka Bungeni. Kilichobishaniwa ni jinsi ya kuipima kanuni hiyo na nani awe na neno la mwisho katika kipimo. Wakati ubishi huo ukiendelea, malimbikizo ya mishahara yalikuwa yakiongezeka kila mwezi.

Msingi wa shauri hilo unarudi nyuma hadi mwaka 1951, Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Namba 100 unaohusu ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Kanada iliuridhia mkataba huo mwaka 1972 na, mwaka 1977, Bunge lake likapitisha Sheria ya Haki za Binadamu, ambayo kifungu chake cha 11 kinatamka kuwa ni ubaguzi kwa mwajiri kuwalipa wanaume na wanawake mishahara tofauti wanapofanya kazi zenye thamani sawa katika sehemu moja ya kazi. Sheria hiyo ilitaja pia vigezo vinne vya kupima thamani ya kazi: ujuzi unaohitajika, juhudi inayotumika, wajibu anaoubeba mfanyakazi na mazingira anamofanyia kazi.

Hapa ipo tofauti ambayo mara nyingi husahaulika. Ujira sawa kwa kazi ileile ni jambo rahisi kulibaini: karani mwanamke na karani mwanamume wenye cheo kimoja wanapaswa kupata mshahara mmoja. Ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa huenda mbali zaidi. Kanuni hiyo huuliza iwapo karani wa masjala, katika kada iliyojaa wanawake, analipwa pungufu kuliko mtumishi wa kada iliyojaa wanaume, ilhali kazi zao, ingawa hazifanani, zinadai ujuzi, juhudi na wajibu unaolingana. Mizani ya mishahara inaweza kuonekana haina doa ndani ya kila kada, huku dhuluma ikiwa imejificha kati ya kada moja na nyingine.

Kwa kuzingatia kifungu hicho, mwaka 1984 PSAC iliwasilisha malalamiko kwa niaba ya kada ya makarani. Hatua iliyofuata ilileta matumaini makubwa. Mwaka 1985, Serikali kupitia Bodi ya Hazina, ambayo ndiyo mwajiri wa watumishi wa umma nchini humo, ilikubaliana na vyama vya wafanyakazi kuendesha tathmini ya pamoja ya kazi. Kamati zenye wajumbe wa pande zote mbili zilitathmini nafasi za kazi zaidi ya 3,000 kutoka kada zenye wanawake wengi na zenye wanaume wengi, kwa kutumia mfumo mmoja wa alama.

Lau tathmini hiyo ingefika mwisho kwa maridhiano, huenda historia ingekuwa nyingine. Kadiri matokeo yalivyoanza kujitokeza, kuaminiana kulipungua. Upande wa mwajiri ulitilia shaka kwamba baadhi ya watathmini walikuwa wakizipa alama nyingi kupita kiasi kada za wanawake, na hivyo kudai uhakiki. Upande wa vyama uliona uhakiki huo kama njia ya kupunguza malipo yatakayostahili. Tathmini haikuwa imewekewa tangu mwanzo utaratibu wa kumaliza tofauti za namna hiyo ambao pande zote zingelazimika kuufuata.

Mwezi Januari 1990 juhudi hiyo ya pamoja ilivunjika. Serikali, kwa uamuzi wake yenyewe, ilitangaza kulipa takriban dola milioni 317 za malimbikizo kwa baadhi ya kada, wakiwemo makarani na makatibu muhtasi, pamoja na kurekebisha mishahara yao ya kila mwaka. Malipo hayo yalikuwa ni kukiri kwamba pengo lipo, lakini chama hakikukubali kuwa yalikuwa yameziba pengo lote. Shauri likapelekwa mbele ya Baraza la Haki za Binadamu la Kanada, ambalo lilianza kusikiliza ushahidi mwaka 1991.

Usikilizaji ulichukua miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Wataalamu wa takwimu na wa tathmini ya kazi waliitwa na pande zote kueleza iwapo alama zilizotolewa katika tathmini ya pamoja ziliaminika, na ni njia ipi sahihi ya kulinganisha mishahara ya kada za wanawake na ya wanaume. Kabla ya hukumu, Serikali ilipendekeza malipo ya takriban dola bilioni 1.3, nacho chama kikakataa. Tarehe 29 Julai, 1998, Baraza liliamua kwamba matokeo ya tathmini yalitosha kuthibitisha pengo la ujira, na kuagiza kada sita zilipwe tofauti hiyo kuanzia tarehe 8 Machi, 1985, pamoja na riba.

Serikali iliomba Mahakama ya Shirikisho iubatilishe uamuzi huo. Hoja yake haikukosa mantiki: fedha zinazolipwa ni za walipa kodi, na mwenye dhamana ya hazina ya umma ana wajibu wa kuhakikisha kuwa kila dola inayotoka inastahili kutoka. Hata hivyo, tarehe 19 Oktoba, 1999, Jaji John Evans alitupilia mbali maombi hayo. Siku 10 baadaye, Rais wa Bodi ya Hazina wakati huo, Lucienne Robillard, alitangaza makubaliano na chama. Kilichoshindikana kwa miaka 15 kilikamilika ndani ya siku chache, kwa kuwa sasa kipimo kilikwisha kuamuliwa na kilichobaki kilikuwa ni hesabu.

Kutoka dola milioni 317 hadi bilioni 1.3, na kutoka hapo hadi bilioni 3.6, ni safari inayotoa funzo, ingawa inafaa isomwe kwa uangalifu. Kiasi hicho hakikuhusu kada zilezile wala miaka ileile, hivyo si sahihi kusema kuwa ongezeko lote lilisababishwa na ucheleweshaji pekee. Lakini ni dhahiri kwamba kila mwaka uliopita bila suluhu uliongeza mwaka mwingine wa malimbikizo na riba juu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika shauri hili ukuta ulijengwa kwa fedha za umma.

Gharama nyingine haiandikwi katika vitabu vya hazina. Karani aliyekuwa na umri wa miaka 50 malalamiko yalipowasilishwa mwaka 1984 alikuwa na miaka 65 makubaliano yalipotangazwa. Mshahara mdogo aliolipwa katika kipindi hicho ndio aliotumia kusomesha watoto, kulipa pango na kujiwekea akiba ya uzeeni. Wapo waliostaafu wakisubiri, na wapo waliofariki dunia, malimbikizo yao yakabaki kuwa suala la warithi. Riba inaweza kufidia thamani ya fedha, lakini haiwezi kumrudishia mtu miaka aliyoishi kwa kipato pungufu.

Jimbo la Newfoundland na Labrador, mashariki mwa Kanada, linaonesha upande mwingine wa suala hilo. Mwaka 1988 serikali ya jimbo ilisaini makubaliano ya ujira sawa na vyama vya wafanyakazi kwa manufaa ya wanawake katika sekta ya hospitali. Mwaka 1991, ikikabiliwa na hali mbaya ya fedha, ilipitisha sheria iliyoahirisha utekelezaji na kufuta malimbikizo ya miaka mitatu, yenye thamani ya takriban dola milioni 24. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 2004 ilikubali kuwa sheria hiyo iliwabagua wanawake hao, lakini ikaona kuwa ukubwa wa mgogoro wa fedha ulihalalisha hatua hiyo.

Kisheria, jimbo lilikuwa limeshinda na halikudaiwa tena. Pamoja na hayo, mwaka 2006, hali ya fedha ilipotengemaa, serikali ya jimbo iliamua kwa hiari kulipa dola milioni 24. Uamuzi huo unadhihirisha kwamba uwezo wa kulipa ni hoja halali katika majadiliano ya mishahara na unaweza kusogeza mbele tarehe ya malipo. Hata hivyo, haki iliyokwisha kukubaliwa kwa saini ya serikali haifutiki katika kumbukumbu za wanaodai, hata mahakama inapokuwa imetamka vinginevyo.

Baada ya makubaliano ya mwaka 1999, Kanada ilijiuliza iwapo utaratibu wa kusubiri malalamiko unafaa. Kikosi kazi kilichoundwa mwaka 2001 kiliwasilisha taarifa yake mwaka 2004 na kupendekeza sheria inayomtaka mwajiri achukue hatua mwenyewe badala ya kungoja kushitakiwa. Pendekezo hilo nalo lilikaa muda mrefu. Sheria ya Usawa wa Ujira ilipitishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika tarehe 31 Agosti, 2021. Inawahusu waajiri walio chini ya mamlaka ya shirikisho wenye wafanyakazi 10 au zaidi, na inawataka waandae mpango wa usawa wa ujira ndani ya miaka mitatu na kuuhuisha kila baada ya miaka mitano. Penye chama cha wafanyakazi, mpango huo huandaliwa na kamati ambayo wawakilishi wa wafanyakazi ni wajumbe wake.

Kwa utaratibu huo, mzigo wa kuanza umehamishwa kutoka kwa karani anayelalamika kwenda kwa mwajiri mwenye takwimu za mishahara mikononi mwake. Vilevile, kipimo kinafanyika kabla ya deni kulimbikizwa, na njia ya kumaliza tofauti za kitaalamu imewekwa katika sheria yenyewe. Hayo ndiyo yaliyokosekana katika tathmini ya mwaka 1985.

Suala hili si geni Afrika Mashariki. Kenya iliuridhia Mkataba Namba 100 mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila mtu kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi zenye thamani sawa. Aidha, Sheria ya mwaka 2003 kuhusu majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma inaipa Serikali na vyama vya wafanyakazi meza rasmi ya kukutania. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu yenye jukumu la kushauri kuhusu ujira wa watumishi wa umma.

Sheria zipo, na vyombo vya majadiliano vipo. Uzoefu wa Kanada unaonesha kuwa hivyo peke yake havizuii mgogoro. Kinachohitajika ni kwamba tathmini ya kazi inapofanyika, mwajiri na wafanyakazi wakubaliane mapema juu ya vigezo, juu ya mhakiki na juu ya atakayeamua pale watakapotofautiana, kabla hata alama ya kwanza haijaandikwa. Makubaliano hayo hupatikana kwa wepesi zaidi wakati hakuna upande unaojua bado nani atadai na nani atadaiwa.

Dawa ya deni ni kulipa, na deni hulipika kwa urahisi linapokuwa bado dogo. Makarani wa Kanada walilipwa haki yao, na serikali yao ikatimiza sheria iliyoitunga yenyewe mwaka 1977. Pande zote mbili zilifika mahali zilipokubaliana kimsingi tangu mwanzo, baada ya kupoteza miaka 15 njiani.