Moto Peke Yake Hautoshi

Wakati wa vakansi wengi wetu tulicheza Pokémon katika telefone. Kila mchezaji anachukua wanyama sita. Basi kwa nini munachukua wa moto tupu? Moto unachoma majani, ndiyo, lakini maji yanauzima. Na Charizard, munayemusifu sana, ni wa moto na wa kuruka pamoja: akipigwa jiwe, maumivu yake ni mara nne. Mimi mwenyewe nilipoteza wote sita mbele ya mdogo wangu wa primere. Aibu! Sasa niko na Geodude, lile jiwe munalolicheka. Umeme haumuwezi hata kidogo.

Timu yetu ya mpira nayo iko vilevile: washambuliaji tele, mulinda goli tunamutafuta asubuhi ya mechi. Komite, wale wa Beni wanakuja. Nani atabaki nyuma?