Kiingereza cha Darasani na Kiingereza cha Mtihani

Mwanzoni mwa mwaka 2022, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya wakati ule, alitoa habari iliyowashangaza wengi: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wapate kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Wala hao hawakuwa watu wasiojua Kiingereza. Walisomea kazi yao kwa lugha hiyo, na kwa lugha hiyo huandika habari za wagonjwa kila siku.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Garissa, Wajir na Mandera, na si wauguzi peke yao. Huko Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilianza kufunguliwa mwaka 1991, vijana waliomaliza shule ya sekondari hushindania nafasi za kusoma Canada kwa mpango wa shirika la WUSC, ulioanzishwa mwaka 1978. Nafasi ni chache mno, na Kiingereza ni mmoja wa milango ambayo hapana budi kuipitia. Kijana aliyezaliwa Ifo au Hagadera akikwama hapo, huenda asiitwe tena.

Kosa kubwa la watahiniwa ni kudhani kwamba sarufi ya shuleni itawatosha. Mitihani hii hupima sikio, ulimi na saa. Katika mtihani wa IELTS, ambao wauguzi wengi huufanya, maneno ya kusikilizwa hutolewa mara moja tu, wala hayarudiwi. Kusoma kuna maswali 40 kwa dakika 60. Kuandika nako ni dakika 60, kwa kazi mbili: ya kwanza maneno 150, ya pili maneno 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili. Basi mtu akimaliza dakika 40 akiipamba ile ya kwanza, amejipunja mwenyewe. Alama ya juu kabisa ni 9. Baraza la wauguzi la Uingereza lataka 7 katika kusikiliza, kusoma na kusema, na 6.5 katika kuandika.

Kusema mbele ya mtahini huchukua dakika 11 hadi 14. Mtahiniwa hupewa kadi yenye jambo la kueleza, hufikiri kwa dakika moja, kisha husema mfululizo mpaka dakika mbili. Mtoto wa mfugaji aliyekulia karibu na mabaraza ya wazee, ambako asiyejua kupanga maneno hasikilizwi, ana akiba kubwa hapa. Ajabu ni kwamba wengi huiacha akiba hiyo nyumbani, wakaenda na majibu ya kukariri, na mtahini huyatambua upesi.

Matamshi nayo yataka uangalifu. Kisomali hakina sauti ya p wala v, kwa hiyo *park* huwa *bark*, na *very* huwa *fery*. Lakini Msomali amezoea kutofautisha irabu fupi na ndefu katika lugha yake, hivyo *ship* na *sheep* hazimpi taabu kama zinavyompa Mswahili.

Maandalizi yafaa yawe ya miezi, si ya wiki mbili. Mtu asikilize habari za Kiingereza katika redio kwa nusu saa kila jioni, kisha aandike aliyoyasikia. Ajinase sauti kwa simu yake, na kuisikiliza tena bila kujionea haya. Aandike insha saa ikiwa mezani, na kumpa mwalimu mkali, si rafiki, aisahihishe.

Tena asiharakishe kulipa ada. Matokeo ya IELTS hukubaliwa kwa miaka miwili tu, na wako waliofaulu mapema, hati zao zikapitwa na wakati kabla maombi yao hayajajibiwa.